Mjomba, Honda ya marehemu mzee inaniumbua kila asubuhi

Shikamoo mjomba. Mi ni mwalimu, nakaa Makorora hapa hapa Tanga, nafundisha shule moja ya msingi kule Pongwe. Najua watu wanakuandikia mambo ya ndoa na mirathi, langu ni pikipiki, ila ukichimba utakuta mirathi imo humo humo na ndoa nayo inachungulia.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG125, kwenye kadi imeandikwa 1994. Ilikuwa ya baba. Mzee alikuwa bwana shamba Muheza, kazungukia mashamba ya michungwa nayo mpaka kastaafu, na alipofariki ikakaa ubavuni mwa nyumba chini ya turubai miaka miwili hakuna anayeigusa. Mwaka jana nikaifufua, nikabadilisha matairi, cheni, nikamwaga oili, ikawaka bwana, bimkubwa alivyosikia ule mlio akatoka jikoni na mwiko mkononi akasimama tu mlangoni hasemi kitu. Basi tangu siku hiyo habari ya kuiuza haizungumziki kwetu.

Sasa matatizo. Asubuhi haiwaki. Napiga kiki ishirini, thelathini, navuta choki, narudisha choki, nazungusha mafuta huku napiga, jasho limeshalowesha shati na saa moja na nusu natakiwa niwe mstarini na wanafunzi. Ile raba ya kwenye kiki ilishaisha zamani, kimebaki chuma kitupu, mguu ukiteleza kiki inarudi inanipiga ugoko, nina kidonda mwezi wa pili huu hakiponi. Vijana wa bodaboda pale kijiweni wameshanizoea, wanakaa kabisa kuangalia, "mwalimu piga na bismillah", "mwalimu hiyo isomee Yasini". Mwisho wanakuja kunisukuma, naweka gia ya pili, naachia klachi, inawaka. Cha ajabu kiki yenyewe siku hizi imekuwa laini, zamani ilikuwa lazima ukanyage kwa uzito wote, sa hivi hata mwanangu wa darasa la tano anaishusha.

La pili, ikishawaka naenda vizuri tu, ila nikikaribia Pongwe inaanza kulegea, inavuta inaacha, inavuta inaacha, afu inakufa. Nasimama pembeni, nafungua tangi kuangalia kama mafuta yapo, yapo, nafunga, naipumzisha kidogo, napiga kiki mbili tatu inawaka kama si yenyewe. Fundi anasema inachemka.

Huyo fundi ni kijana mzuri, sina neno naye. Kashabadilisha plagi tatu, kabureta kaifungua mara mbili, kaniuzia na betri, na mwezi wa Ramadhani alizikaza tapeti maana zilikuwa zinapiga kelele tak tak tak, kweli ikawa kimya kama cherehani mpya. Sasa anasema bloku imekwisha, nitoe laki na themanini afunge bloku na pistoni mpya. Mama watoto anasema hiyo laki na themanini ina kazi zake, pikipiki ikapimwe kilo kwa wanunua chuma chakavu. Na mi mwenyewe sikai tu, masika hii kifuniko cha tangi kilikuwa kinaingiza maji na kunirushia petroli kwenye suruali, nikakata duara la mpira wa tyubu nikalibana kwa ndani, mpaka leo halitoki tone. Kwa hiyo spana kidogo naijua. Nishauri mjomba, nifunge bloku au nikubali yaishe?

Mwalimu wa Makorora

*

Marahaba mpwa wangu, na pole na ugoko.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kalamu ikiwa mkononi, nikapiga mstari sehemu mbili ambazo we umezipitia juu juu kama mtu anayetaja hali ya hewa. Moja ni tapeti za Ramadhani. Nyingine ni huo mpira wako wa tyubu. Bloku niliiachia bila mstari. Una magonjwa mawili, si moja, na ndo maana fundi anahangaika, anatafuta dawa moja ya kutibu asubuhi na njiani kwa pamoja.

Tuanze na la njiani maana hilo ni la bure na umelitengeneza mwenyewe, usinikasirikie.

Tangi la pikipiki lazima livute hewa. Petroli inashuka kwenda kwenye kabureta kwa uzito wake tu, hakuna pampu pale, sasa kadiri inavyoshuka lazima hewa iingie juu kujaza nafasi yake, na hewa hiyo inapita kwenye katundu kadogo sana kwenye kifuniko. We umekata duara zima la mpira ukalibana kwa ndani, ukaziba. Matokeo yake ni kama ukijaza maji kwenye chupa ukatoboa kitundu chini afu ukaziba mdomo kwa kiganja, maji yatatoka kidogo yatasimama. Kabureta ina kikombe kidogo cha akiba, hicho pamoja na ile hewa kidogo iliyokuwemo tangini ndo vinakufikisha karibu na Pongwe, vikiisha pikipiki inaanza hiyo vuta acha vuta acha, inakufa. Unashuka, unafungua kifuniko "kuangalia kama mafuta yapo", hewa inaingia, mafuta yanashuka, kikombe kinajaa, inawaka. Umekuwa unaitibu kila siku na hujui, sifa zote unampa mapumziko.

Kuhakikisha hutaki fundi. Siku ikianza kulegea tena simama, zima, inama sikio karibu na tangi ufungue kifuniko taratibu. Ukisikia fsss kama soda basi hiyo ndiyo. Na nakubashiria kitu kingine, siku ulizojaza tangi inakufa mapema kuliko siku likiwa nusu. Tangi likijaa ile hewa iliyopo juu ni chache, kwa hiyo mkazo unakuja haraka. Fikiria kidogo uniambie kama si kweli.

Kuhusu kuchemka, hapana. Injini inayopozwa na upepo, asubuhi, barabara ya lami, mtu mmoja juu, ikichemka kiasi cha kuzima haiponi kwa dakika mbili. Na ingekuwa koili, ile inayotuma umeme kwenye plagi, inayokufa ikipata moto ingekata ghafla, pap, kama mtu kazima swichi, isingelegea kwanza, na ungekaa pale robo saa au nusu saa mpaka ipoe. Ya kwako inakata pumzi pole pole, hiyo ni njaa ya mafuta.

Mpira toa. Chukua waya mwembamba, uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli unatosha (Tanga hii baiskeli hazitukosi), zibua katundu ka kifuniko, puliza kwa mdomo mpaka usikie hewa inapita. Afu kata mpira mwingine wa pete, yani wenye tundu kubwa katikati, ukae kwenye ukingo tu uzuie maji bila kuziba pumzi. Ila mpira wa tyubu na petroli havielewani sana, unavimba na kulainika, kwa hiyo ukipata gasketi ya kifuniko yenyewe dukani nunua, si hela nyingi. Mi nilishawahi kusukuma pikipiki kutoka Tongoni mpaka Mwahako jua la saa saba, kumbe nyigu kajenga kijumba cha udongo kwenye hilo tundu. Kidudu kama kidole. Kwa hiyo sikucheki, nakuhurumia.

Haya, asubuhi.

Injini ya petroli inataka vitu vitatu tu iwake, moto wa plagi, mafuta yaliyochanganyika na hewa kwa kiasi chake, na pumzi ya kuubana huo mchanganyiko. Fundi wako kashughulikia moto mara tatu na mafuta mara mbili. Pumzi hajaigusa, au niseme kaigusa Ramadhani na hajarudi kuiangalia. We mwenyewe umeniambia kiki imekuwa laini mpaka mtoto wa darasa la tano anaishusha. Kiki laini maana yake hewa inatoroka mahali, na sehemu za kutorokea ni chache, pembeni mwa pistoni kwenye ringi, zile pete zake, kwenye gasketi ya juu, au kwenye vali, ile milango ya kuingiza mchanganyiko na kutolea moshi. Fundi kaenda moja kwa moja kwenye ringi maana huko ndo kuna laki na themanini.

Sasa hiyo CG ikoje. Honda waliitoa 1976, na walifanya makusudi kabisa kuitengenezea nchi kama zetu, watu wanaobeba magunia mawili na abiria na hawamwagi oili mpaka iwe tope. Haina cheni ya taimingi, vali zake zinasukumwa na rodi mbili ndefu, ndo maana haifi ovyo, na ndo maana Wachina wameiga injini hiyo hiyo kwenye hizi toyo nyingi unazoziona barabarani. Lakini injini ya rodi ina mlio wake. Ka-tak-tak kadogo ikiwa baridi ni afya. Mlio huo unatoka kwenye kanafasi kaliko kati ya roka, kale kamkono kanakobonyeza vali, na kichwa cha vali (hapo ndo fundi anapokaza akisema anakaza tapeti), na kanafasi kenyewe kwa CG125 ni 0.08 mm, vali zote mbili, ya kuingiza na ya kutolea moshi, injini ikiwa baridi. Hiyo ni nyembamba kuliko wembe! Fundi kukaza mpaka ikawa kimya kama cherehani maana yake kanafasi kameisha, roka inaikalia vali muda wote, vali haifungi ikakaa vizuri kwenye kiti chake, na pumzi inavujia hapo. Mchana injini ikiwa na joto petroli inageuka mvuke kirahisi, inakusamehe. Asubuhi baridi haikusamehi. Ukisukumwa inawaka kwa sababu injini inazunguka kwa kasi kuliko mguu wako, hewa inakosa muda wa kutoroka yote.

Na hili usiliache likakaa, vali ya moshi isiyofunga vizuri inaungua, inaliwa pembeni, na hapo ndo utatoa hela kweli.

Kuzipima, fanya Jumamosi asubuhi kabla hujaiwasha kabisa, iwe imelala usiku kucha. Toa plagi ili izunguke kirahisi. Simamisha kwa stendi ya kati, weka gia ya juu, zungusha tairi la nyuma kwa mkono kwenda mbele. Fungua kifuniko cha vali juu na kava la magneti, lile gurudumu la sumaku linalotoa umeme, upande wa kushoto, kwenye magneti utaona alama ya herufi T, yani pistoni iko juu kabisa. Wengi wanakosea hapa hapa, maana T inapita mara mbili na moja tu ndo yenyewe. Vitabu vinasema angalia roka zikicheza zote mbili, lakini za kwako zimenyongwa hazitacheza popote, kwa hiyo fanya hivi, tazama vali ya kuingiza, ile ya upande wa kabureta, ishuke, ipande mpaka ifunge, T inayofuata baada ya hapo ndiyo. Simama hapo. Legeza nati, pitisha fila geji ya 0.08, kale kabamba kembamba ka chuma ka kupimia nafasi, ipite ikiwa na mkwaruzo kidogo kama unavuta karatasi chini ya kitabu, shikilia skrubu isizunguke huku unakaza nati, afu pima tena maana ukikaza nati huwa inahama. Kama huna fila geji azima, mafundi wa magari wanazo. Wapo wanaotumia wembe, wembe una kama 0.1, ni pana kidogo, kwa dharura si dhambi, itapiga kelele kidogo zaidi basi.

Rudisha plagi, sukuma kiki kwa mkono uone. Ikiwa nzito tena, habari ya bloku imeishia hapo.

Ikibaki laini ile ile, kabla ya kutoa hata shilingi, toa plagi, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili safi kwenye tundu lake, kanyaga kiki mara kadhaa oili isambae, rudisha plagi ukanyage tena. Kiki ikiwa nzito ghafla basi ringi zimechoka kweli, oili imeziba kwa muda, fundi wako atakuwa kasema kweli na utamwomba radhi kimoyomoyo. Isipobadilika, ni vali au gasketi ya juu, kichwa kifunguliwe, vali zisagwe. Na hata ikiwa ringi, uliza kwanza ringi peke yake kabla ya bloku zima, pikipiki ya bwana shamba aliyeitunza miaka yote hiyo mi siiandikii bloku kwa kuisikiliza tu mlio.

Betri uliyouziwa itakusaidia honi na indiketa. CG ya kiki moto wa plagi unatoka kwenye magneti, betri ikifa inawaka vile vile. Hapo nilicheka, samahani.

Kuna na namna yako ya kuwasha. Unavuta choki halafu unazungusha mafuta, hivyo viwili vinapingana. Choki inafanya kazi kwa kubana hewa ili kabureta ivute petroli nyingi, ukizungusha mkono unafungua mlango na ule mvuto unapotea. Asubuhi fungua koki ya mafuta, subiri kidogo, vuta choki, kanyaga kiki taratibu mara mbili swichi ikiwa imezimwa, washa swichi, ukanyage mara moja ya nguvu mkono ukiwa haujagusa mafuta. Ikishika iache dakika moja ndo urudishe choki. Na ikigoma mara kumi usiendelee kutwanga, toa plagi uitazame. Kavu, mafuta hayafiki. Imelowa, yamefika lakini hayakuungua, ama moto ama pumzi, au umeshaizamisha, na hapo rudisha choki, fungua mafuta yote mpaka mwisho, kanyaga tano sita ikauke. Kuangalia moto chomeka plagi kwenye kofia yake, ilaze mwili wake kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake, kanyaga. Cheche ya bluu inayosikika tap tap ni nzuri, ya rangi ya chungwa iliyokonda ni mgonjwa. Usiishike kwa vidole labda kama unataka kumuona mzee mapema, na sigara weka mbali.

Hizo plagi tatu nina wasiwasi nazo. Bandia zimejaa, boksi limeandikwa NGK na ndani hamna kitu. Inayotakiwa ni D8EA, uwazi 0.6 mpaka 0.7 mm. Kama ile ya mzee bado ipo kwenye kopo la misumari hapo nyumbani, na wazee hawatupi vitu, isugue kwa brashi ya waya ujaribu nayo, nimeona plagi ya miaka ishirini ikiishinda ya jana. Pia upepo wetu wa bahari unakula shaba, fungua kofia ya plagi kwenye waya wake, inafunguka kama skrubu, ukiona kijani kata ncha ya waya nusu sentimita ufunge upya kwenye shaba safi.

Na mafuta unanunua wapi? Kama ni ya chupa kando ya barabara, dondoshea tone kwenye kiganja. Petroli inapaa inakuachia ubaridi, ikibaki na utelezi wa mafuta umeuziwa na mafuta ya taa ndani, na hiyo asubuhi haiwaki hata ukiisomea hiyo Yasini. Na kwa kuwa kifuniko kilikuwa kinaingiza maji masika yote, legeza skrubu ya chini ya kikombe cha kabureta, kinga kwenye glasi, uiache itulie. Maji yatakaa chini kama shanga. Ukiyaona mwaga tangi lote.

Fundi usimfokee. Mwambie tu arudishe tapeti 0.08 mbele yako, kama akikuuliza 0.08 ndo nini, basi ya Jumamosi fanya mwenyewe.

Mama watoto mwambie mjomba kasema hela yake isiguswe mpaka kijiko cha oili kijibu. Na ile tyubu ulikokatia lile duara usiitupe, kata vipande virefu uvifunge kwenye chuma cha kiki, uzungushe mara tatu ukaze na waya, mguu hautateleza tena na hicho kidonda kitapata nafasi ya kupona.